Mwamba ngoma: Ua la Ufipa lisilodai ndoo

Msomaji wangu, usigeuze ukurasa. Najua ukiona mtu anaandika habari za maua unadhani ni mambo ya wazee waliostaafu, au ya dada anayetaka kumpendeza mama mkwe. Wiki hii habari ni ya maua kweli, lakini ndani yake kuna maji, kuna shingo ya mtu, na kuna fasheni. Hasa fasheni. Kwa hiyo vuta kigoda ukae.

Kama hujawahi kufika Sumbawanga mwezi wa Agosti, nikupe picha kidogo. Mji wetu uko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua zikiaga mwezi wa nne au mwanzoni mwa wa tano, usitegemee tone la maana mpaka Novemba. Katikati hapo kuna baridi ya Juni na Julai, ile ya kulala na soksi na sweta juu. Halafu unakuja upepo. Upepo wa Ufipa hauna adabu bwana. Unatia vumbi kwenye chai yako, unamvuruga nywele dada aliyetoka saluni dakika kumi zilizopita, na hauombi radhi. Nyasi za uwandani zinageuka rangi ya simba. Usiku ukitazama vilimani unaona mistari ya moto, watu wanachoma nyasi.

Ndani ya hali hiyo hiyo, sisi watu wa mjini tunataka bustani. Na kwa nini tusitake? Kijana wa siku hizi akimaliza kupaua chumba na sebule, kabla hata hajapiga lipu anafikiria pa kupigia picha za simu. Ukuta mtupu hauna mvuto. Anataka kijani, anataka rangi, anataka mgeni akifika getini aseme, "Eh, hapa kwako bomba!"

Tatizo ni kwamba bomba lenyewe, lile la maji, kiangazi huwa lina mambo yake.

HESABU YA NDOO

Mimi ni mpangaji. Nina chumba kimoja uani kwa mzee mmoja hapa mjini, na sitamtaja kwa sababu bado nataka kulala ndani. Mzee ni mstaafu, mstaarabu, mpenda usafi. Nilipohamia kwake alikuwa na mawaridi kumi na manne yamepangwa mstari kama askari wa gwaride, na kipande cha ukoka mbele ya varanda ambacho hata kuku alikuwa haruhusiwi kukikatiza.

Kiangazi changu cha kwanza pale niliona jambo. Kila siku saa kumi na moja jioni binti wa nyumba ile alikuwa anaanza safari za kisimani. Ni mtoto wa ndugu wa mama mwenye nyumba, kaletwa kutoka kijijini huko bondeni upande wa Ziwa Rukwa ili asome. Wakati huo alikuwa kidato cha pili. Ndoo sita kila jioni. Si za kupikia, si za kuoga. Hizo alikuwa ameshachota asubuhi. Sita hizi zilikuwa za mawaridi na ukoka.

Hesabu niliyopata kidato cha nne haikuwa ya kujivunia, lakini hii haihitaji chuo kikuu. Ndoo moja ni lita 20. Ndoo sita ni lita 120 kwa jioni moja. Kuanzia katikati ya Juni mpaka katikati ya Novemba ni kama siku 150. Zidisha: lita 18,000. Ni ndoo 900. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hizo ni kilo 18,000, yaani tani 18. Tani kumi na nane, msomaji wangu, zimepita juu ya kichwa cha msichana mmoja kwa kiangazi kimoja ili ua lichanue na mgeni aseme pazuri.

Akimaliza, saa moja inagonga, giza limeingia, na daftari bado liko mkobani.

Mtu atauliza, na wewe mpangaji ulikuwa unatazama tu? Ndoo yangu nabeba mwenyewe, asubuhi na mapema. Lakini kumwendea baba mwenye nyumba ukamwambia maua yake yanamchosha mtoto si jambo la kukurupuka. Kwanza ni mkubwa kwako. Pili ndiye mwenye ufunguo wa geti. Kwa hiyo nilitafuta kwanza cha kumpelekea mkononi.

WAGENI NA WENYEJI

Nikaanza kuchunguza haya maua yetu ya mjini. Unajua mengi ni wageni? Bogenvilia ile ya zambarau inayopanda kwenye kuta asili yake ni Brazili na majirani zake. Mjakaranda unaotandika zulia la bluu barabarani ni wa Amerika ya Kusini pia. Mkrismasi, ule mwekundu unaochanua Desemba, umetoka Bukini. Mkaratusi ni wa Australia. Duranta na lantana walivuka bahari kutoka Amerika. Mawaridi ya dukani ni uzao wa Asia na Ulaya, yamechanganywa na kuchanganywa tena mpaka hata ukoo wao hawaujui.

Mimi sina ugomvi na wageni. Bogenvilia kwa mfano ni mvumilivu wa ukame, mpe haki yake. Lakini waridi na ukoka ni watoto wa kulelewa na maji. Kuwaweka Ufipa mwezi wa Septemba ni sawa na kumleta mtu wa pwani hapa Julai na kumnyima blanketi. Ataishi, ila kwa gharama ya mtu mwingine.

Nikajiuliza: huku porini, ambako hakuna mtu anayemwagilia, hakuna kinachochanua kiangazi? Mbona kipo! Toka nje ya mji mwezi wa Agosti au Septemba, shika njia ya kuelekea milimani au ile inayoteremka bondeni Rukwa, tazama pembeni. Katikati ya nyasi kavu na majivu utaona kijiti kimejipinda, hakina hata jani moja, lakini ncha za matawi zimewaka nyekundu ya machungwa kama mienge. Utadhani kuna mtu kapita na kiberiti.

Huyo ndiye mwamba ngoma.

KIJITI CHENYEWE

Jina lake la Kiswahili lina maana yake. Kuwamba ngoma ni kuvuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma ukaifunga ikaze. Mbao ya mti huu ni laini na nyepesi, haimpi shida fundi, ndiyo maana tangu zamani watu wamechonga kwayo ngoma, vigoda, vinu na mizinga ya nyuki. Wanasayansi wanauita Erythrina abyssinica. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki, lenye maana ya wekundu, na la pili ni Abisinia, jina la zamani la Ethiopia. Jina hilo lilichapishwa mwaka 1825. Lakini mti wenyewe si wa Ethiopia peke yake. Unaota kuanzia huko mpaka kusini mwa Afrika, na majirani zetu wote wanaujua. Waganda wanauita ejjirikiti, Wakikuyu wanauita muhuti, na ukivuka mpaka kuingia Zambia Wabemba watakuambia mulunguti.

Ukiachwa kwenye ardhi nzuri unaweza kuwa mti wa kupita mita 10. Lakini kwenye nyasi zinazochomwa kila mwaka na upepo usiopumzika, hubaki mfupi, umepinda, mara nyingine ni kichaka tu cha kimo cha mtu na nusu. Jani lake ni la vipande vitatu, pana, lenye vinyweleo. Matawi yana miiba. Ganda la mbegu lina manyoya ya kahawia na limebanwa kati ya mbegu na mbegu kama shanga kwenye uzi. Likipasuka ndani kuna mbegu nyekundu yenye doa jeusi, nzuri ajabu, na kwa uzuri huo nitakuja kukupa onyo, usikimbie.

Sasa siri ya kuvumilia ukame. Wakati waridi linalia maji, mwamba ngoma unafanya mambo matatu. Kwanza unavua majani yote. Jani ndilo mlango wa maji kutoka nje ya mti, kwa hiyo mti usio na majani umefunga milango. Pili, gome lake ni nene, lina magamba laini kama kizibo cha chupa, linakinga jua na hata moto wa nyasi. Moto ukipita juu, mti unachipua tena. Tatu, mizizi yake imekwenda chini kutafuta unyevu ambao ndoo yako haifiki.

Halafu, kwa kuwa majani hayapo, maua yanaonekana vizuri zaidi. Hakuna cha kuyaficha. Ndege wadogo wale waitwao chozi, wenye mdomo mwembamba uliopinda, wanakuja kunyonya asali ya ua tangu asubuhi. Nyuki nao hawabaki nyuma. Yaani wakati mtaa mzima una rangi ya vumbi, wewe kwako kuna sherehe.

Na la nyongeza: huu ni wa ukoo wa maharage. Mizizi yake inaishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Kwa hiyo hauli udongo wako ukauacha mtupu. Majani yanayopukutika nayo yanarudisha rutuba. Ni mpangaji anayelipa kodi mapema.

"HILO NI LA PORINI"

Nilipokuwa na maneno ya kutosha, nikamwendea mzee Jumapili moja mchana, baada ya chakula, wakati ambao hata askari wa trafiki anasikiliza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwandishi. Kodi?"

"Si kodi baba, hiyo nimeshalipa. Nina wazo la bustani."

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hilo? Hilo ni la porini. Watu watapita hapo nje watasema mzee fulani kafilisika, anaokota kuni anapanda."

Hapo ndipo nilipoielewa hoja yake, na sikuicheka. Kwa mzee wangu yule, waridi halikuwa ua tu. Lilikuwa cheti. Alikulia kijijini, akasoma, akafanya kazi, akajenga mjini. Ua la dukani lilikuwa linamwambia mpita njia kwamba huyu ametoka mbali. Kumwambia arudishe kichaka cha kijijini mbele ya varanda yake ilikuwa kama kumwambia arudi alikotoka.

Aliyenisaidia ni mama mwenye nyumba. Alikuwa anachambua maharage pembeni, akasema bila kuinua kichwa, "Kwetu ule mti ulikuwa mpakani mwa shamba. Baba yangu akikaa, anakaa kigoda chake. Mbegu zake tulitunga shanga. Sijawahi kusikia mtu anauita kuni."

Mzee akanyamaza. Mama akaongeza, "Na huyu mtoto Novemba ana mtihani."

Sentensi hiyo moja ilifanya kazi kuliko hesabu yangu yote ya tani kumi na nane. Mzee akasema tujaribu upande wa barabarani, vijiti vitatu, visivyozidi. Na ukoka aliuacha, ila akasema mvua ndiyo itaunywesha.

Novemba ile tukachimba. Vijiti viwili tukavipanda penye mwinuko kidogo kando ya uzio. Cha tatu mzee alisisitiza kiwe karibu na bomba, "kisiteseke." Cha karibu na bomba kikaoza. Viwili visivyobembelezwa vikachipua.

Kiangazi kilichofuata vikavua majani, na majirani wakapata la kusema. "Mzee, miti yako imekufa." Mzee akawa ananitazama mimi. Nikamwambia, baba, vuta subira. Kiangazi cha pili, mwezi wa Agosti, kijiti kimoja kikatoa mashada manne. Manne tu, lakini mekundu kweli kweli. Siku ile nilimkuta mzee amesimama barabarani, nje ya uzio wake mwenyewe, anajifanya anasubiri mtu. Alikuwa anatazama kama wapita njia wanaona.

Mawaridi leo yamebaki manne karibu na mlango. Yananywa maji ya kusuuzia vyombo na mboga. Safari sita za jioni hazipo. Sitakuambia kwamba ua limemfaulisha binti, hayo ni maneno ya matangazo ya redio. Sasa yuko kidato cha nne na matokeo yatasema yenyewe. Ninachojua ni kwamba saa kumi na moja mpaka saa moja jioni sasa ni yake. Siku nyingine nasikia anasoma baiolojia kwa sauti. Siku nyingine anasukana nywele na wenzake na wanacheka mpaka nashindwa kuandika. Zote ni saa zake.

NAMNA YA KUPANDA

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa unataka kujua unaanzia wapi. Hatua ni rahisi.

Kupata kijiti: usivamie msitu wa hifadhi pale Mbizi, ile ni marufuku na ina sababu zake, maji ya huku yanategemea misitu ile. Nenda kwa mkulima mwenye mti mpakani mwa shamba lake, mwamkie, muombe tawi. Wengi watakupa bure na kukushangaa. Chagua tawi lililokomaa, nene kama kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Likate mwishoni mwa kiangazi, mti ukiwa bado haujatoa majani. Liweke kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, maana ukilipanda lina utomvu mbichi linaweza kuoza.

Kupanda: subiri mvua za kwanza, mwezi wa Novemba. Chimba shimo la kina cha nusu mita hivi, simamisha kijiti, shindilia udongo vizuri kisitikisike na upepo. Upande uliokuwa chini kwenye mti ndio uwe chini kwenye shimo. Unacheka? Watu hugeuza.

Mahali: penye jua la kutosha na pasipotuama maji. Mti huu unavumilia kiu, hauvumilii kuogelea. Usiuweke dirishani wala kwenye kichochoro cha kupita watoto, kwa sababu ya miiba. Uache mita nne au tano kutoka ukutani. Ukitaka uzio hai, panga vijiti kwa mstari, miiba itafanya kazi ya mbwa.

Mbolea: hapa tunaye mwalimu wa nyumbani. Wafipa tangu zamani wanalima kwa ntumba, yale matuta ya duara ambayo nyasi zinafukiwa ndani mvua zinapoelekea mwisho, zinaoza, halafu udongo ule wenye rutuba unatawanywa shambani. Fanya hivyo hivyo kuzunguka mti wako. Badala ya kuchoma nyasi na majani uliyofagia uani, yafukie pembeni ya shina bila kuligusa shina lenyewe. Udongo utashika unyevu, na moshi hautamkera jirani.

Maji: mwaka wa kwanza, kiangazi, mpe ndoo moja kila baada ya wiki mbili kama unaona gome linajikunja. Mwaka wa pili usimpe kitu. Mwachishe ziwa.

Kupogoa: ukitaka ubaki kichaka kizuri usiokuzidi kimo sana, kata matawi baada ya maua kumalizika na kabla mvua hazijashika. Ila usiukate mpaka shingoni kila mwaka, maana maua yanakuja kwenye matawi yaliyopata muda wa kukomaa. Punguza nusu mwaka huu, nusu nyingine mwakani.

Kwa wanaopenda mbegu: zikwangue kidogo kwenye jiwe upande usio na doa, ziloweke usiku kucha, zipande kwenye viroba. Zitaota, lakini ua litakuchelewesha miaka. Kijiti ndiyo njia ya mkato.

ONYO, SI UTANI

Ile mbegu nyekundu ina sumu. Ndani yake kuna kemikali zinazolegeza misuli ya mwili. Mbegu nzima ina ganda gumu, na ndiyo maana watu wametunga shanga miaka na miaka, lakini ikisagwa au ikitafunwa ni hatari. Kwa hiyo wewe mwenye mtoto anayetambaa, okota mbegu zilizoanguka. Na ninyi mafundi wa hereni na bangili za kiasili, mnapotoboa mbegu hizo msishike chakula kabla ya kunawa, na msimuuzie mtu bangili ya mtoto mchanga.

La pili, gome. Waganga wengi wa Afrika Mashariki wanalitumia kwa dawa, na mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina hufa. Ukiona mtu anakuja na panga usiku kwenye mwamba ngoma wako, mwambie duka la dawa liko upande ule.

MWENZAKE WA NJANO

Rangi nyekundu peke yake ikikuchosha, mtafutie mwenzake. Kuna kichaka cha asili cha Afrika hii hii ambacho bila shaka umekipita mara nyingi kando ya mito na njia. Maua yake ni ya njano, yamesimama kama mshumaa, na juu ya mshumaa kuna vichipukizi vyeusi kama masizi. Jani ukilifikicha linatoa harufu ya bisi, wengine husema ya siagi ya karanga. Jina lake la kitaalamu ni Senna didymobotrya. Wakalenjin wa Kenya huchoma vijiti vyake na kutumia mkaa wake kusafishia vibuyu vya maziwa ya mursik, ndiyo maana maziwa yale yana rangi ya kijivu.

Hiki kinakua haraka, kinafika mita mbili au tatu, na kinaota kwa mbegu zilizolowekwa kwenye maji ya moto yaliyoachwa yapoe. Kinachanua mapema sana kuliko mwamba ngoma, kwa hiyo kinakufaa wewe usiye na subira. Tahadhari zake ni mbili. Majani na mbegu zake ni sumu kwa mifugo na yanaharisha vibaya, kwa hiyo kama una mbuzi, weka mbali. Na kinasambaa. Kule Afrika Kusini, ambako kilipelekwa kama ua la bustani, leo ni gugu linalopigwa vita. Unaona mambo? Mgeni wetu kwao ni mwenyeji mpole, mwenyeji wetu kwao ni mvamizi. Hapa nyumbani ana maadui zake wa asili wa kumpunguza kasi, vipepeo wanaokula majani yake wakiwa viwavi wakiwemo. Hata hivyo kata maganda kabla hayajapasuka.

NENO LA MWISHO KWA WAJANJA

Fasheni, ndugu zangu, haikai mahali pamoja. Kuna wakati kitenge kilikuwa cha mama wa sokoni, leo dada wa ofisini anashonesha suti yake. Kuna wakati dona lilikuwa la maskini, leo wenye magari wanalitafuta. Mwamba ngoma nao zamu yake itafika. Siku wenye mahoteli watakapoanza kuupanda mbele ya mapokezi na kuutoza mgeni picha, wewe wa Izia, wa Chanji, wa Kizwite uwe umeshautangulia miaka mitatu.

Lakini hata usipofika kwenye fasheni, nakuomba ufanye hesabu moja leo jioni. Tazama bustani ya nyumbani kwenu, kama mnayo. Hesabu ndoo. Halafu tazama ni nani anazibeba. Kama ni wewe mwenye maua, hongera, ni mazoezi ya mwili. Kama ni mtu mwingine mdogo kuliko wewe, asiyeulizwa, basi lile ua halijakugharimu wewe kitu. Kuna anayelilipia.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwamba ngoma unacheza kwao, tena kiangazi, tena bila hata jani la kujifunika. Mpe nafasi kando ya uzio, halafu ndoo izungushe irudi jikoni.

Kwa leo naweka kalamu chini. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda na mwenye nyumba akiruhusu.